Gobore na Baruti: Kiasi Gani Kinatosha?

Swali hili halikauki: "Gobore langu nilishindilie baruti kiasi gani ili lipige pale ninapolenga?" Linaulizwa na wakulima wa Nkende na Nyamwaga upande wa Tarime, linaulizwa Machochwe na Robanda upande wa Serengeti, na siku hizi linaulizwa hata na vijana waliorithi silaha ya babu bila kuwahi kuipiga. Jibu langu ni fupi. Weka kidogo kuliko unavyodhani, kwa kipimo kilekile kila mara, tena kwenye mtutu unaojulikana ulikotoka. Kama mtutu haujulikani, kipimo sahihi ni sifuri.

Najua jibu hilo halitawaridhisha wengi, hasa hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo maana nimeamua kulieleza kwa kirefu.

Karatasi kwanza

Nitapita hapa haraka, lakini usiruke. Kumiliki gobore kunahitaji leseni ya polisi kama ilivyo kwa bastola au raifo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikulisamehe kwa sababu ya uzee wake. Maombi huanzia ofisi ya kijiji au mtaa, yakapanda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha mkoa. Ukiwa Tarime, mkoa wako wa kipolisi ni Tarime/Rorya; ukiwa Mugumu, mambo yako yanakwenda Musoma.

Leseni ya silaha haikupi ruhusa ya kuwinda. Hiyo ni karatasi nyingine, na inatoka kwa mamlaka za wanyamapori. Wapo waliofungwa wakiwa wameshika karatasi ya kwanza mkononi, wakashangaa mahakamani kwamba ya pili ilihitajika.

Baruti nayo ina sheria yake tangu mwaka 1963. Ya kuuziwa kichochoroni, kwenye mfuko wa sukari, usiichukue. Nitaeleza hapa chini kwa nini hofu yangu hapo si ya polisi tu.

Mtutu wako umetoka wapi?

Magobore yaliyopo vijijini ni ya aina tatu, na ushauri wa baruti unategemea lako ni lipi.

La kwanza ni la kiwandani, la zamani au la kisasa. Ya zamani mengi yaliingia Afrika Mashariki kupitia Zanzibar na bandari za pwani katika karne ya 19. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara hili, lakini yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti yake. Moja ya sababu za silaha hizi kudumu mikononi mwa watu wetu ni hiyo. Gobore la kiwandani huwa na alama ndogo zilizogongwa karibu na kitako cha mtutu, kuonyesha kwamba ulijaribiwa Birmingham, London, Liège au kwingineko. Zitafute kwa tochi, ukiwa umepangusa kutu.

La pili ni lililotengenezwa na fundi wa hapa kwa bomba la maji au la chuma chakavu. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba mlipuko. Mengi yana mshono ubavuni, na mshono huo ndio hupasuka, kwa kawaida palipo na mkono wa kushoto wa mpigaji. Mtu atakuambia, "Langu limepiga miaka kumi." Sawa. Chuma huchoka kimyakimya, na mpasuko wa ndani hauonekani kwa macho. Kwa gobore hili sina kipimo cha kukupa, wala hakuna fundi mwaminifu atakayekupa.

La tatu ni la kiwandani lililoharibika: kasiba imeliwa na kutu kwa ndani, mtutu umekatwa, au mahali pa kukalia fataki pamelegea hadi moshi unatokea kwa nyuma. Nalo ni la kutundikwa ukutani au kusalimishwa.

Kuanzia hapa nazungumza na mwenye gobore la aina ya kwanza, lenye alama, lililokaguliwa na fundi silaha mwenye leseni, na lenye karatasi zake.

Baruti ni ipi, na ipi si baruti

Gobore linapigwa kwa baruti nyeusi ya bunduki iliyotengenezwa kiwandani, au mbadala wake ulioandikwa wazi kuwa ni wa bunduki za kushindilia. Basi. Vitu vifuatavyo vimewakata watu vidole:

- Unga wa ndani ya risasi za kisasa. Unafanana na baruti kwa mbali, lakini shinikizo lake ni kubwa mara nyingi zaidi. Kiasi kidogo tu kinatosha kupasua mtutu mzuri kabisa.
- Baruti ya kulipulia miamba. Huku kwetu kwenye machimbo, kuanzia Nyamongo hadi mashimo ya wachimbaji wadogo, kishawishi hiki kipo. Ile imetengenezwa kuvunja jiwe. Bunduki inataka msukumo, ile inatoa kishindo cha kusambaratisha.
- Unga wa viberiti. Unawaka kwa msuguano. Unaweza kulipuka wakati unashindilia, uso wako ukiwa juu ya mtutu.
- Baruti ya kusagwa nyumbani. Nguvu yake hubadilika toka kikombe hadi kikombe, kwa hiyo hata ukiwa na bahati ya kubaki na mkono, shabaha huipati.

Baruti nyeusi ya kiwandani hupangwa kwa ukubwa wa chembe, na alama yake ni herufi F. F mbili ni chembe nene kiasi, kwa mitutu mipana. F tatu ni laini zaidi, huwaka upesi, na hutumika kwenye mitutu myembamba. Ukihama kutoka F mbili kwenda F tatu kwenye bunduki ileile, punguza kiasi kwa karibu asilimia 15. Wengi hulisahau hili, wakashangaa bega limevimba.

Sasa kiasi chenyewe

Wenye bunduki hizi hupima kwa greini. Gramu moja ni kama greini 15 na nusu. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, yaani kwa kikopo maalumu chenye mistari, na mizani ndogo hutumika kuhakikisha kikopo hakidanganyi.

Kama kiwanda kimekupa kitabu, kitabu ndicho mkubwa. Ninachosema mimi kiko chini yake. Kama huna, anzia hapa:

- Mtutu wenye mifuo wa .50 (milimita 12.7), risasi ya duara yenye kitambaa: anza na greini 50 za F mbili, yaani gramu 3.2 hivi. Nyingi hutulia mahali fulani kati ya greini 60 na 80.
- Mtutu laini wa namba 12, marisawa: greini 70 hadi 80, yaani gramu 4.5 hadi 5.2, na marisawa yasiyozidi gramu 32. Ujazo wa baruti na ujazo wa marisawa uwe sawa au marisawa yazidi kidogo.

Nasikia upinzani: "Babu alikuwa anashindilia hadi mdeki utokeze vidole vinne nje, na alikuwa anapata." Vidole vya nani? Na mdeki ukitokeza, umepima baruti, kitambaa na risasi kwa pamoja; hujui kipi kimeongezeka. Kipimo cha vidole kilifaa kwa mtu aliyemsogelea mnyama hatua ishirini. Hakimfai anayetaka kupiga tundu mbili zikaribiane.

Upinzani wa pili ni kwamba baruti nyingi hupeleka risasi mbali. Kidogo ni kweli, kisha inaacha kuwa kweli. Ukivuka kiwango, ziada huwakia nje ya mtutu: moto mkubwa, moshi mwingi, teke begani, na risasi isiyotulia. Kwa marisawa ni mbaya zaidi, kwa sababu baruti nyingi huyatawanya yakaacha uwazi katikati, pale hasa ulipolenga.

Namna ya kulijaribu

Usijaribu nyuma ya nyumba. Nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, omba kuelekezwa uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Mlio wa gobore Tarime una historia yake ya mapigano ya koo, na watu hawatasubiri kujua ulikuwa unapima greini ngapi.

Ukiwa uwanjani:

1. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya kasiba kutoa mafuta yote.
2. Elekeza mtutu chini, karibu na jani moja la nyasi, kisha piga fataki tupu. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, kuna uchafu, na usishindilie chochote mpaka utoke. Kabla hujapiga fataki hiyo, hakikisha kwa mdeki kwamba gobore ni tupu.
3. Mimina baruti kwenye kikopo, kisha kutoka kikopo kwenda mtutuni. Kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo kubwa. Cheche moja iliyobaki ndani itapanda juu na kulipua kopo zima mkononi mwako.
4. Shindilia risasi ikae juu ya baruti kabisa, pasiwe na nafasi katikati. Nafasi hiyo ndiyo hufanya mtutu uvimbe au upasuke.
5. Weka alama mbili kwenye mdeki: moja pale unapofika gobore likiwa tupu, nyingine likiwa limeshindiliwa kwa kipimo chako. Alama hizi zitakuokoa siku utakaposahau kama umeshaweka risasi au la.
6. Fataki huwekwa mwisho, ukiwa umeshaelekeza mtutu kwenye shabaha.

Piga tatu kwa mita 25, ukiegemeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga. Pangusa kasiba baada ya kila mlio kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, maana zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki kama masizi, na masizi hubadilisha kila kitu kwa mlio unaofuata. Tazama tundu tatu. Ongeza greini tano, rudia. Utaona tundu zinakaribiana, kisha zinaanza kuachana tena. Rudi kwenye kipimo cha pale zilipokaribiana, andika kwenye daftari, umemaliza. Usiguse kipimo hicho tena mpaka ubadili baruti au risasi.

Kama tundu zimekaribiana lakini ziko pembeni ya shabaha, hiyo si kazi ya baruti. Rekebisha kilengeo.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Gololi na vipande vya nondo.* Chuma kigumu hukwaruza kasiba, na kwa kuwa hakina ukubwa mmoja, kila mlio una shinikizo lake. Tumia risasi ya madini laini ya risasi, yenye ukubwa uliolingana na mtutu.

*Oili ya pikipiki kwenye kitambaa.* Oili ya petroli ikikutana na masizi ya baruti nyeusi hutengeneza utando mgumu kama lami. Mafuta ya mnyama yasiyo na chumvi ni bora zaidi, na yapo kila nyumba yenye ng'ombe.

*Kuchungulia gobore lililogoma.* Umefyatua, fataki imelia, kimya. Shikilia mtutu kwenye shabaha kwa dakika nzima. Baruti yenye unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Ndipo ubadili fataki. Likigoma tena, mwite msimamizi wa uwanja.

*Kulala na masizi ndani.* Masizi huvuta unyevu, na kwa mvua zetu za masika, usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu. Osha siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta.

*Kuliweka ukutani likiwa limeshindiliwa.* Hili linaua watoto. Halina maelezo zaidi.

"Na kuwinda je?"

Hapa ndipo wasomaji wengi walikuwa wananisubiri, na hapa ndipo nitawakatisha tamaa.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna uwindaji wa aina yoyote, kwa yeyote. Watu wa Gibaso na Karakatonga wanajua mpaka ulivyo karibu. Hakikisha unajua kigingi kiko wapi kabla hujasema ulikuwa unapita tu. Ikorongo na Grumeti ni mapori ya akiba, na huingii bila kibali. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, yenye vijiji vitano vikiwemo Robanda na Nyichoka, nayo ina utaratibu wake. Mkazi anayetaka kuwinda kihalali huomba leseni kwa mamlaka za wanyamapori, huandikiwa mnyama, idadi na eneo. Uliza papo hapo kama silaha yako inakubalika kwa mnyama huyo, na upate jibu kwa maandishi. Taa za usiku, sumu, mitego na moto havikubaliki hata ukiwa na leseni.

Kwa nyati usiulize kabisa. Wanyama hatari wanataka bunduki isiyopungua .375. Risasi ya bunduki hiyo ina gramu 19 hivi na hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Risasi ya duara ya gobore la .50 ina gramu 11 na nusu, hutoka kwa mita 500 au pungufu, na kasi yenyewe hufa haraka njiani. Utamjeruhi, atajificha kichakani, na atakayekutana naye kesho asubuhi ni mama anayekwenda mtoni.

Kwa swala mdogo, ukiwa na leseni na kipimo ulichokijaribu, mita 50 ni mbali ya kutosha. Huna risasi ya pili ya haraka. Kama huna uhakika, usifyatue.

Na usijidanganye na "nyama kidogo tu ya mboga". Katika viwango vya serikali vya mwaka 2012, nyumbu mmoja anathaminiwa dola 650 na pundamilia dola 1,200. Paja moja linahesabiwa kama mnyama mzima. Thamani ikivuka shilingi 1,000,000, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kesi hizi zinasomwa Mugumu mara kwa mara. Anayetaka nyamapori ana njia nyingine: kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, na risiti ya bucha ni kinga yako.

"Tembo wamo shambani, nifanye nini?"

Nikichimba maswali haya kidogo, mara nyingi nakuta muulizaji si mwindaji. Ana ekari tatu za mahindi na mtama, na tembo wameingia usiku wa pili mfululizo. Ndugu yangu, hakuna kipimo cha baruti kitakachomwondoa tembo. Gobore litamuumiza, na tembo mwenye risasi mwilini hurudi akiwa mkali kwa kila mtu.

Fanya haya, kwa mpangilio huu:

- Piga simu mapema, wanapoonekana mpakani, kwa mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori wa kijiji. Wenye mafunzo wana mabomu baridi na magari ya kuwaswaga. Namba iwe kwenye simu kabla ya msimu wa mavuno.
- Jipangeni majirani, mlinde kwa zamu kwa tochi kali na honi, mkiwa pamoja. Anayelinda peke yake ndiye anayeuawa.
- Zungusha kamba yenye vitambaa vilivyochovywa pilipili na oili chafu. Ipake upya baada ya kila mvua kubwa. Uzio wa pilipili uliosahaulika ni kamba tu.
- Choma matofali ya kinyesi cha ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili, upande upepo unakotoka. Moshi wake tembo hawaupendi, na wewe pia hutaupenda.
- Mwenye uwezo aweke uzio wa mizinga ya nyuki. Ni gharama mwanzoni, lakini unavuna asali.

Uharibifu ukitokea, usifyeke wala usilime upya kabla haujakaguliwa. Toa taarifa kijijini mara moja ili upate kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011. Malipo ni madogo, yanachelewa, na malalamiko ya wakulima kuhusu hilo ni ya haki kabisa. Hata hivyo asiyetoa taarifa hapati hata hicho.

Ikiwa mnyama amekushambulia na ukalazimika kumuua kuokoa maisha, ripoti papo hapo na usiguse nyama. Mzoga ni mali ya serikali, na kisu chako juu yake kinabadilisha kesi yako kutoka kujihami kuwa ujangili.

Kama lako halina karatasi

Wengi mlioniuliza kuhusu kipimo cha baruti mko kwenye kundi hili, ingawa hamkusema. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Mwaka 2023 serikali yetu ilitoa msamaha wa Septemba na Oktoba, aliyesalimisha asishitakiwe. Fuatilia tangazo la mwaka huu, kisha lisubiri kwa makini kuliko unavyosubiri mvua.

Usilibebe kwenye bodaboda kwenda kituoni, maana ukikamatwa njiani hakuna atakayeamini ulikuwa unakwenda wapi. Mwambie mtendaji wa kijiji au kiongozi wa dini, yeye awasiliane na polisi, waje walichukue nyumbani. Na kama hujui limeshindiliwa au la, lichukulie kwamba limeshindiliwa: usilikokote, usiligongegonge, usijaribu kulitoa baruti kwa waya. Funga chumba, toa watoto, waachie polisi.